Zoezi la ofisini lina uzito gani? Muulize anayelifanya

WAAJIRI wengi wanaotaka wafanyakazi wao wafanye mazoezi huhesabu dakika. Robo saa asubuhi kabla ya kufungua kaunta, au dakika kumi baada ya chakula cha mchana, mahudhurio yanaandikwa kwenye daftari na kazi inaendelea. Baada ya wiki chache watu wanaanza kupungua mmoja mmoja. Mara nyingi anayebaki ni kijana ambaye afya yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo, na anayejitoa ni mhasibu wa miaka 54 mwenye kitambi na presha, ambaye ndiye hasa mazoezi hayo yalikuwa yanamhusu.

Daftari hilo limekosa safu moja. Limeandika muda, lakini halikuandika uzito. Dakika kumi za kupanda na kushuka ngazi kwa kijana wa miaka 26 ni mchezo, na kwa mhasibu wetu ni adhabu. Wote wawili wameandikiwa "10".

Je, uzito huo unapimwaje bila maabara wala mashine? Wataalamu wana jibu ambalo limetumika kwa zaidi ya miaka 50, nalo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: unamuuliza anayefanya zoezi, naye anataja namba.

Msomaji mwenye shamba au duka asiharakishe kugeuza ukurasa akidhani haya ni mambo ya watu wa maghorofani. Karani wa chama cha ushirika hukaa kitini msimu mzima wa mauzo. Mweka hazina wa SACCOS hukaa. Wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu hukaa ndani ya kibanda tangu asubuhi hadi usiku, akiinuka kwenda msalani tu. Muuza pembejeo naye, akishamaliza kupanga mifuko ya mbolea, hukaa nyuma ya kaunta akisubiri wateja. Kwa biashara yenye watu watano, mmoja akipata kiharusi, moja ya tano ya nguvu kazi imekwenda, na mara nyingi ndiye aliyekuwa anajua mahesabu yote.

Kondakta na dereva

Ushahidi kwamba kazi ya kukaa ina gharama yake si wa jana. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wanaume wa miaka 35 hadi 64. Mabasi ya London wakati huo yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa karibu muda wote wa zamu. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi.

Wote walipanda basi lilelile na kuvuta hewa ileile ya mji, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa upesi kama madereva. Morris alikuta hali ya kufanana na hiyo katika posta: wasambaza barua waliotembea au kupanda baiskeli walikuwa na nafuu kuliko makarani na watu wa simu waliokaa ofisini. Baadaye, mwaka 1956, alikwenda hata kwenye vipimo vya sare za kazi na kukuta kuwa madereva walivaa suruali zenye kiuno kipana zaidi. Hilo lilimpa mashaka: huenda walioajiriwa kuwa madereva walikuwa wanene tangu siku ya kwanza. Ni mashaka ya haki, na watafiti waliofuata walilazimika kuyajibu, lakini picha kubwa imebaki palepale kwamba mwili usiotikiswa hudhoofika.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya. Mtu mzima anashauriwa kupata kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya uzito wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, pamoja na mazoezi ya kujenga misuli walau siku mbili. Hapa Tanzania, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi Desemba 2016, na tangu hapo tumezoea kuwaona watumishi wakikimbia barabarani siku za Jumamosi wakiwa na fulana za kufanana.

Tatizo liko kwenye maneno mawili ya mwongozo huo: "wastani" na "mazito". Wastani kwa nani?

Msomi wa Sweden na namba zake

Aliyeshughulikia swali hilo kwa undani ni Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2020. Kuanzia miaka ya 1950 na 1960 aliwapandisha watu kwenye baiskeli za mazoezi zisizotembea, akaongeza ugumu wa kukanyaga hatua kwa hatua, na kila hatua akawauliza wanahisi vipi. Wakati huo wengi waliamini kuwa hisia si jambo la kupimwa na kwamba kinachopimika ni mapigo ya moyo na pumzi tu. Borg aliona kuwa hisia za mtu, zikiulizwa kwa utaratibu, hupanda sambamba na kazi ambayo moyo unaifanya.

Akatengeneza kipimo kinachoanzia 6 na kuishia 20. Wengi wakikiona huuliza mbona hakikuanza na 1 kama namba za watu wengine. Sababu ni ya kitaalamu lakini nyepesi: moyo wa mtu mzima mwenye afya akiwa ametulia hupiga kama mara 60 kwa dakika, na akijitahidi mpaka mwisho wa nguvu zake, kijana hufika kama 200. Ukichukua namba aliyoitaja mtu ukazidisha kwa 10, unapata makisio ya mapigo yake. Anayesema 13 huenda moyo wake unapiga kama 130. Ni makisio tu, na Borg mwenyewe hakudai zaidi ya hapo.

Kwa Kiswahili cha kawaida kipimo hicho tunaweza kukisoma hivi. Namba 6 ni kukaa kimya bila kazi yoyote. Namba 9 ni kazi nyepesi sana, kama kutembea taratibu kwa mtu mwenye afya. Namba 11 ni nyepesi. Namba 13 ni nzito kiasi, lakini bado unaweza kuendelea bila wasiwasi. Namba 15 ni nzito. Namba 17 ni nzito sana, unalazimika kujisukuma. Namba 19 ni nzito kupita kiasi, na 20 ni mwisho wa uwezo wako. Namba za katikati, kama 12 au 14, zinaruhusiwa.

Wataalamu wa mazoezi kwa kawaida huweka "wastani" wa WHO kwenye 12 na 13, na "mazito" kwenye 14 hadi 17. Hapo ndipo mhasibu wetu na kijana wake wanapoanza kuonekana tofauti kwenye daftari.

Mwaka 1982 Borg alitoa kipimo kingine kinachoanzia 0 hadi 10, ambacho watu wengi hukiona rahisi zaidi. Humo 0 ni hakuna kitu, 2 ni nyepesi, 3 ni wastani, 5 ni nzito, 7 ni nzito sana na 10 ni nzito kupita kiasi. Kinafaa zaidi kwa misuli ya sehemu moja, kwa mfano bega au kiuno, au kwa kupima maumivu. Ofisi ichague kimoja na kukishikilia. Kuchanganya viwili kutaleta vurugu, kwani 7 ya kwanza ni karibu na kukaa bure na 7 ya pili ni jasho.

Kwa nini tusihesabu mapigo tu

Siku hizi saa za mkononi zinazoonyesha mapigo ya moyo zinauzwa hadi kwenye meza za barabarani, na mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na hisia. Mapigo ni kitu kizuri kujua, lakini yana mitego yake.

Mtego wa kwanza ni hesabu ya kikomo. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kutoa umri kwenye 220. Mtu wa miaka 50 anabaki na 170 kama kikomo chake. Lakini hiyo ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kupungua au kuzidi hapo kwa mapigo 10 au zaidi bila kuwa na ugonjwa wowote. Ukimpangia zoezi kwa namba hiyo pekee unaweza kumwonea au kumdekeza.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi kwa watu wa makamo. Wapo wagonjwa wa presha na moyo wanaotumia dawa kama atenolol au propranolol. Dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio. Tuchukulie mhasibu na keshia wamepanda ghorofa tatu pamoja. Keshia wa miaka 26 mapigo yake ni 118, na mhasibu anayetumia atenolol mapigo yake ni 98. Kwa kuangalia saa tu, utasema mhasibu ndiye mwenye nafuu na unaweza hata kumwambia aongeze mwendo. Ukiwauliza namba, keshia anasema 11 na mhasibu anasema 15. Hapo ni hisia iliyosema kweli, mashine imedanganywa na dawa.

Tena kuna joto. Zoezi la saa 12 asubuhi na zoezi hilohilo la saa nane mchana ndani ya chumba cha bati visilinganishwe. Moyo huongeza mapigo ili kupoza mwili, na namba ya mtu hupanda pia. Aliyelala vibaya au anayetoka kuugua malaria atataja namba kubwa kwa kazi ambayo wiki iliyopita aliiona nyepesi. Hiyo ni taarifa ya kweli kuhusu mwili wake siku hiyo, na anayesimamia mazoezi aipokee hivyo.

Kama hata kutaja namba kunaonekana kazi, liko jaribio la kuzungumza. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, umevuka kwenda kwenye mazito.

Dakika mbili za Denmark

Uchunguzi mmoja unaonyesha vizuri kwa nini muda peke yake haujibu swali. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Lars Andersen walitoa matokeo ya wafanyakazi 198 wa ofisini waliokuwa na maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega, ugonjwa ambao kila anayeinamia kompyuta au vitabu vya mahesabu anaufahamu. Waligawanywa makundi matatu kwa wiki 10. Kundi moja lilifanya zoezi dakika 2 kwa siku, siku tano kwa wiki. La pili dakika 12. La tatu lilipewa maelezo ya afya tu.

Zoezi lilikuwa moja: kusimama, kukanyaga mpira wa kuvuta, na kuinua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega. Makundi yote mawili ya mazoezi yalipata nafuu kuliko lile la maelezo. Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, kundi la dakika 2 lilipata nafuu ya pointi 1.4 zaidi ya kundi la maelezo, na la dakika 12 pointi 1.9. Yaani kuongeza muda mara sita kulileta nyongeza ya nusu pointi tu.

Siri ya zile dakika mbili ilikuwa uzito wake. Mtu aliinua mikono mfululizo mpaka misuli ikakataa. Anayenyoosha mikono kivivu kwa dakika hizohizo mbili, huku akiangalia simu, asitegemee matokeo ya Denmark. Kwenye daftari la dakika watu hao wawili ni sawa, kwenye namba mmoja ni 2 na mwenzake ni 8.

Mpira huo si lazima uagizwe nje. Tyubu ya zamani ya baiskeli iliyooshwa na kukatwa vizuri inafanya kazi hiyo, ilimradi haina nyufa za kuweza kukatika na kumchapa mtu usoni.

Namna ya kuuliza

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi huharibu. Kwanza ni lugha. Ukimwuliza mtu "zoezi ni gumu?" anaweza kukujibu kuhusu jambo lingine kabisa, kwamba hajaelewa jinsi ya kulifanya. Kwetu kitu kigumu ni kile kisichoeleweka pia. Na ukimwuliza "umechoka?" anaweza kukuhesabia uchovu wa foleni ya asubuhi na wa mtoto aliyelia usiku kucha. Kwa maoni yangu neno "nzito" linafaa zaidi. Zoezi hili, sasa hivi, mwili wako unaliona zito kiasi gani?

Pili ni kumwekea mtu mipaka. Kabla ya kuanza, mweleze kwamba 6 ni kama alivyokaa hapo kitini, na 20 ni kazi nzito kuliko zote alizowahi kuzifanya maishani. Sasa hapa pana jambo la kufurahisha. Karani aliyekulia kijijini akibeba ndoo ya maji kupanda mlima, au aliyewahi kupakia magunia ya mahindi kwenye lori, ana 20 ya kweli kichwani. Kijana wa mjini ambaye kazi yake nzito kuliko zote ilikuwa kukimbilia daladala anaweza kuiita 17 kazi ambayo mwenzake anaiita 12. Kwa hiyo namba za watu wawili zisishindanishwe. Namba ya mtu ilinganishwe na namba yake mwenyewe ya mwezi uliopita: kama ngazi zilezile zilikuwa 15 mwezi Januari na sasa ni 12, zoezi limefanya kazi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni nani anayeuliza. Mwaka 1988 watafiti waliripoti kuwa wanaume walitaja namba ndogo kwa kazi ileile pale muulizaji alipokuwa mwanamke. Walitaka waonekane wana nguvu. Kama hiyo ndiyo hali mbele ya mtafiti wasiyemjua, fikiria mbele ya bosi. Mhasibu wa miaka 54 hawezi kumwambia mkurugenzi mbele ya vijana kwamba dakika tano za ngazi kwake ni 17. Atasema 12, atatabasamu, na wiki ijayo atakuwa na udhuru wa kutohudhuria. Kwa sababu hiyo namba ziandikwe na mtu mwenyewe kwenye karatasi yake, au aonyeshe kwa kidole kwenye kadi, na bosi asizione. Zisiingizwe kwenye tathmini ya kazi kwa namna yoyote. Mwajiri asiyeweza kuahidi hilo bora abaki na daftari lake la dakika, kwani namba za uongo ni mbaya kuliko kukosa namba.

Hesabu ya daftari

Mwalimu wa fani hii huko Marekani, Carl Foster, alieneza njia rahisi ya kujumlisha muda na uzito. Nusu saa hivi baada ya zoezi kwisha, mtu ataje namba moja ya zoezi zima kwa kipimo cha 0 hadi 10, kisha izidishwe kwa dakika. Dakika 20 za uzito wa 3 ni 60. Dakika 10 za uzito wa 6 pia ni 60.

Mfanyabiashara yeyote anaielewa hesabu hii, maana ni bei mara idadi. Mtu anayefanya mara tatu kwa wiki ana 180. Wiki inayofuata akipanda kidogo hadi 200, sawa. Akiruka ghafla hadi 400 kwa sababu kampuni imetangaza bonanza, mtegemee Jumatatu akiwa anachechemea. Asiyekuwa na mazoea kabisa aanze kwenye 9 hadi 11 ya kipimo kirefu, na akae hapo wiki mbili tatu kabla ya kutafuta 13.

Wenye presha, kisukari au historia ya moyo waonane na daktari kabla ya kuanza. Na mtu akilalamika kifua kinabana, kizunguzungu au pumzi kukatika kusiko kwa kawaida, asiulizwe namba. Zoezi lisimame hapohapo na apelekwe kituo cha afya.

Na huko shambani?

Wasomaji wetu wengi watasema wao kila siku ni 15, hawana haja ya mpira wa Denmark. Ni kweli nusu. Kulima kwa jembe kunautikisa mwili, lakini kazi ya kutwa si sawa na zoezi. Zoezi lina mwisho na mapumziko unayoyachagua mwenyewe, kibarua hana uchaguzi huo. Kwa kazi ya saa nane, kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni kwamba mtu asitumie zaidi ya theluthi moja hivi ya uwezo wake wa juu kwa wastani wa siku nzima. Anayezidisha hapo kila siku anajichosha badala ya kujijenga.

Kwa hiyo namba zilezile zinaweza kumsaidia mwenye shamba kwa upande wa pili. Kibarua anayetaja 11 saa mbili asubuhi na 15 saa tano, kwa tuta la urefu uleule, anakuambia kwamba joto na kukosa maji vimeshaanza kuhesabiwa kwenye mwili wake. Kivuli cha dakika 15 na maji ya kunywa wakati huo vitarudisha namba chini, na tuta la saa sita litalimwa vizuri kuliko angelazimishwa kuendelea.